Kiambishi cha Joka

Daftari la Maoni ya Wasomaji lilikaa juu ya meza ya mkutubi, limefungwa kamba mguuni mwa meza kama mbuzi, kwa sababu watu walikuwa na tabia ya kuondoka nalo. Kamba yenyewe ilikuwa fupi. Mtu akitaka kutoa maoni ilibidi ainame, na wengi wakishainama hukumbuka kuwa hawana maoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi daftari lile lilikuwa na mambo mawili tu: bomba la chooni halitoi maji, na feni inapiga kelele.

Kisha akaja Mzee Nukta.

Mzee Nukta alikuwa msoma prufu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba kidogo nyuma ya mitambo ya kiwanda cha uchapaji, akisoma kila kitu kabla hakijachapwa: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya dawa ya mende. Jina la Nukta alilipata siku aliposimamisha mtambo mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana mwisho wa tangazo la msiba. Meneja alimfokea, wapiga chapa wakamcheka, yeye akasimama palepale na penseli yake nyekundu kama mlinzi wa benki.

"Marehemu amefika mwisho," alisema. "Sentensi nayo ifike."

Nukta ikawekwa, na tangu siku hiyo hata mkewe akaanza kusahau jina alilozaliwa nalo.

Elimu yake hakuipata mchana. Mchana alikuwa akifagia vipande vya karatasi kiwandani humohumo. Jioni ndipo alipoingia shule ya watu wazima, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, vidole vyeusi kwa wino, akajifunza ngeli za nomino mpaka akaziota. Watu wengine wana mashamba, wengine wana nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa na ngeli. Lakini kulikuwa na kidonda kimoja kisichopona: waliosoma mchana walimwangalia kama mgeni aliyeingia ukumbini kwa kupitia jikoni. Hawakumfukuza. Walimwuliza tu, kwa upole unaokata maini, "Ulisomea wapi vile?"

Basi baada ya kustaafu aliikalia maktaba ile kila siku, na vita vyake vilikuwa na Rafu ya Saba, rafu ya riwaya za mapenzi. Vilianza bila kukusudia. Siku moja mvua ilivuja darini, na kiti pekee kilichobaki kikavu kilikuwa mbele ya rafu hiyo. Akachomoa kitabu ili aone tu upuuzi wenyewe unafananaje. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na makosa manne ya chapa. Mzee Nukta hakuwa mtu wa kumwacha majeruhi njiani. Akaenda nacho nyumbani. Kwenye daftari la kuazima, mahali palipoandikwa "Sababu ya kuazima", ambapo wasomaji wengine waliandika "kujisomea" au hawakuandika kitu, yeye aliandika kwa hati safi: *Uchunguzi.*

Uchunguzi ule ulimla mwaka na nusu na vitabu arobaini na vinne. Kila alipomaliza kimoja aliinama kwenye lile daftari lenye kamba, mkono mmoja kiunoni, akaandika maoni yake na kuyapa namba.

*Maoni namba 6. Tajiri wa riwaya hii ana kampuni saba. Katika kurasa mia mbili na themanini hajafika kazini hata siku moja. Ofisi inafunguliwa na nani?*

*Maoni namba 11. Wapenzi wamenyeshewa, wakakimbilia nyumba ya wageni, wakakuta chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Hiki ni kitabu cha tisa chenye nyumba ya wageni ya namna hii. Nawashauri wenye nyumba hizo waongeze vitanda ili fasihi ipumzike.*

*Maoni namba 19. "Alishusha pumzi ambayo hakujua kuwa alikuwa ameibana." Nimelijaribu jambo hili nyumbani mbele ya saa ya ukutani. Mtu aliyebana pumzi anajua.*

*Maoni namba 27. Kitabu cha vijana. Mhusika ni mnyonya damu wa miaka mia tatu na bado yuko sekondari. Ama mtaala ni mgumu au yeye ni mzito.*

*Maoni namba 33. Binti anapendwa na wanaume wawili, hajui amchague yupi. Kurasa mia nne. Mke wangu alichagua kwa dakika tano mlangoni mwa stoo ya hospitali, na alikuwa ameshika beseni.*

Chini ya maoni hayo palikuwa na hati nyingine, nene, iliyolalia upande kama mtu anayekimbia. Hiyo ilikuwa ya fundi cherehani mwenye duka mkabala na maktaba, mama wa makamo aliyetembea na pini kwenye ukosi na utepe wa kupimia shingoni. Yeye alikuwa amesoma Rafu ya Saba yote mara mbili. Chini ya namba kumi na moja aliandika: *Babu, wakiongeza kitanda kitabu kinaisha ukurasa wa ishirini.* Chini ya namba kumi na tisa: *Pole kwa kizunguzungu.* Na chini ya namba thelathini na tatu: *Umefika ukurasa wa 400! Hongera babu, wengine huishia njiani.*

Wakikutana mlangoni hawakuachiana.

"Shikamoo babu. Umekuja kuchunguza?"

"Marahaba. Nimekuja kufanya kazi ambayo wachapaji wa siku hizi wameshindwa kuifanya."

"Ile ya yule daktari na yule rubani uliirudisha ikiwa na unyevunyevu ukurasa wa mwisho. Ni chai?"

"Ni mvua," alisema Mzee Nukta, na jua lilikuwa kali siku hiyo la kupasua kichwa.

Sasa, kitabu cha arobaini na tatu na cha arobaini na nne vilikuwa vya hadithi moja, *Taji la Moshi*, Kitabu cha Kwanza na cha Pili. Binti wa mhunzi anapelekwa mlimani kuwa chambo cha joka lenye miaka mia saba, joka halimli, wanaanza kuzungumza, na kuanzia hapo mambo yanaharibika, au yanatengenea, inategemea nani anasimulia. Mzee Nukta alikisoma Kitabu cha Kwanza kwa siku mbili. Cha Pili alikisoma kwa siku moja, na siku hiyo mkewe aliita chakula mara tatu.

Alipokuwa akisoma alikuwa na karatasi pembeni, akihesabu. Maana aligundua kosa ambalo katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuliona likifanywa kwa ujeuri mkubwa namna ile. Joka, kama kila aliyesoma shule ya jioni anavyojua, ni nyoka aliyekuzwa akawa dude. Na dude halisemwi *amekuja*, linasemwa *limekuja*. Mwandishi alianza vizuri. Joka lilinguruma, joka lilitua, joka lilikunja mbawa zake. Sura nane nzima. Halafu katika sura ya tisa, bila taarifa, joka *alinyamaza*. Joka *alimtazama*. Joka *alimfunika* binti kwa bawa lake mvua ilipoanza. Na kuanzia hapo ikawa hivyo mpaka mwisho.

Makosa mia mbili na kumi na manne. Mzee Nukta aliyahesabu mara mbili.

Lakini hilo halikuwa la kumkosesha usingizi. Lililomkosesha usingizi ni mwisho wa Kitabu cha Pili. Joka limepewa hiari: lichague kuwa mtu na kupoteza moto wake, au kubaki joka na kumpoteza binti. Binti amesimama mbele yake, anangoja jibu. Na sentensi ya mwisho ya kitabu ilikuwa hivi: *Joka akafungua kinywa, akasema*

Basi. Hapakuwa na jibu, wala hapakuwa na nukta.

Mzee Nukta alifunua ukurasa uliofuata, mtupu. Akafunua jalada. Akachungulia mgongo wa kitabu pale penye gundi, kama nukta imejificha humo.

"Mbona umetoa macho?" mkewe aliuliza. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke asiyebabaishwa na kitu, ambaye katika maisha yake yote alisoma kurasa za mpira tu, na alizisoma kwa sauti.

"Kitabu kimeisha bila nukta."

"Basi weka wewe."

"Siwezi kuweka nukta nisipojua amesema nini!"

"Nani?"

"Joka."

Mkewe alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akimtazama mgonjwa anayesema haumwi popote. "Mia saba, ulisema? Lilimsubiri miaka mia saba? Mimi nilikuambia unisubiri kituoni nusu saa, nikakuta umeondoka."

Kesho yake Mzee Nukta aliandika maoni namba arobaini na nne, marefu kuliko yote, kurasa tatu, yakianza na maneno ambayo baadaye yalisambaa mjini: *Joka halipandi ngeli kwa sababu limependa.* Kuhusu nukta hakuandika neno. Alimwendea mkutubi, akainama, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya aibu:

"Kitabu cha Tatu kimetoka?"

"Kimefika juzi, mzee wangu," mkutubi alinong'ona naye. Alikuwa mwanamke mpole aliyezoea kunong'ona hata nyumbani kwake. Alisukuma kwa mguu boksi lililofungwa kwa gundi chini ya meza. "Kimo humu. Lakini sijaruhusiwa kufungua. Mwenyekiti amesema nisubiri kikao."

"Kikao gani?"

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa koti. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu aliyesoma mchana, tena mchana mweupe, na kwa miaka yote hajawahi kumpa Mzee Nukta zaidi ya kichwa kilichoinama kidogo. Siku hiyo alimpa mkono. Akaushika kwa mikono yake miwili.

"Nimesoma maoni yako yote," alisema. "Yote! Nimecheka, nimehuzunika. Wewe ndiye mtu niliyekuwa nikimtafuta. Nataka kuiondoa Rafu ya Saba. Vitabu vyote hivi vikafungiwe sabuni madukani. Na lile boksi jipya lirudishwe lilikotoka. Hoja yangu ni daftari lako. Jumamosi utatusomea yale ya joka, mbele ya kamati. Na baada ya hapo," akapunguza sauti, "kuna kiti kimoja cha ujumbe kiko wazi. Si lazima mtu awe na cheti cha chuo. Nimewaambia wenzangu: huyu, ingawa alisoma alivyosoma, ni mmoja wetu."

*Mmoja wetu.* Mzee Nukta alitembea kwenda nyumbani bila kugusa ardhi. Miaka arobaini alikuwa akisubiri maneno hayo mawili, na yamekuja yakiwa na upatanisho sahihi. Alipofika kwenye geti lake ndipo akakumbuka boksi, na miguu ikarudi chini.

Ijumaa fundi cherehani alimngoja nje ya maktaba. Hakuwa na utani siku hiyo. Pini zilikuwa kwenye ukosi, lakini uso wake ulikuwa kama nguo iliyokatwa vibaya.

"Kwa hiyo babu, kesho unatuzika."

"Simziki mtu. Natetea lugha."

"Mimi nakaa kwenye kile kiti cha cherehani saa kumi kwa siku. Nashona suti za watu kwenda kwenye harusi za watu. Jioni nikifungua ile rafu, nakwenda mahali. Wewe ukisoma unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwenye makosa," alisema Mzee Nukta kwa majivuno. "Mia mbili na kumi na manne. Mwandishi hajui ngeli. Sura nane anaandika *li*, sura ya tisa anaanza *a*. Amesahau alichoandika mwenyewe."

Fundi alimtazama. Kisha akaanza kucheka, si kwa kejeli, bali kama mtu aliyeona mwenzake anatafuta miwani iliyo usoni pake.

"Babu. Hukuona?"

"Nimeona mara mia mbili na kumi na nne!"

"Sura ya tisa, yule binti anafanya nini pangoni?"

"Anasikia joka linalia. Analiuliza jina."

"Anamwuliza jina," fundi alisema taratibu. "Miaka mia saba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Anamwuliza jina, na hapohapo, sentensi inayofuata, ikawa *a*. Wanakijiji mpaka mwisho wanasema *lile*, *limeonekana*, *liuawe*. Ni kitabu tu na yule binti ndio waliogeuka. Mimi nilipofika hapo nilijichoma sindano kidoleni, babu. Nilidhani na wewe umeona. Nilidhani ndiyo maana umekimbilia Kitabu cha Pili."

Mzee Nukta alifungua mdomo ili aseme sarufi ni sarufi. Badala yake alisema ana haraka.

Alikwenda nyumbani akakaa kitako na Kitabu cha Kwanza, sura ya tisa. Aliisoma bila karatasi pembeni. Pango, mvua, sauti ya kitu kikubwa kinacholia kwa aibu. *"Wewe unaitwa nani?" binti aliuliza. Joka alinyamaza.* Herufi moja tu. Mwandishi hakupiga kelele, hakuandika kwa wino mzito, hakumwita msomaji aje aone. Aliondoa *li* akaweka *a*, akaendelea na safari yake, akiamini kuwa aliyepo huko mbele ana macho.

Akakumbuka kile chumba nyuma ya mitambo. Kama mswada huu ungepita mezani kwake enzi zile, angekata zote mia mbili na kumi na nne kwa penseli nyekundu kabla ya chai ya saa nne, na angejisifu. Joka angekufa mle chumbani na hakuna ambaye angejua. Halafu likaja wazo baya zaidi, likakaa kifuani kama jiwe la kusagia: ni wangapi waliokufa?

"Unalia?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Mafua."

"Haya. Joka limefanyaje?"

"Amefanyaje," alisema Mzee Nukta, kabla hajajizuia.

Mkewe akainua nyusi. Hakusoma shule ya jioni wala riwaya, lakini aliolewa na ngeli miaka arobaini na miwili, na alijua kilichotokea mbele yake. Alivuta kiti. "Hebu nisomee hapo," alisema. "Kabla hujaenda kumuua kesho."

Jumamosi alasiri chumba cha kusomea kilijaa. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza ndefu, feni ikipiga kelele zake zilizokuwamo daftarini. Fundi cherehani alikuja na wasomaji kumi na kitu, wamesimama ukutani mbele ya Rafu ya Saba kama wanaotaka kuificha. Mkewe Mzee Nukta alikaa nyuma na gazeti la mpira. Boksi lilikuwa palepale chini ya meza, limefungwa.

"Ndugu wajumbe," Mwenyekiti alisema, "leo tunaye mtaalamu. Ingawa masomo yake aliyapata, tuseme, jioni, ameona kwa penseli yake yale ambayo sisi hatukuwa na muda wa kuyaona. Mzee, karibu. Soma."

Mkutubi alifungua kamba ya daftari. Ilikuwa mara ya kwanza kufunguliwa tangu ifungwe. Mzee Nukta alishika daftari kwa mikono miwili, akavaa miwani, akakohoa. Mbele yake hati yake mwenyewe ilikuwa imesimama wima, safi, bila shaka yoyote. Mwenyekiti alikuwa akimtazama kwa tabasamu ambalo alilisubiri miaka arobaini.

"Maoni namba arobaini na nne," alisoma. "Joka halipandi ngeli kwa sababu limependa." Watu wakacheka, Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha. "Chukua mfano ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Mvua inaanza, na joka alimfunika binti..."

Akasimama.

Kwenye daftari palikuwa pameandikwa *lilimfunika*. Aliliandika mwenyewe, akalipigia mstari.

"Lilimfunika," Mwenyekiti alimsaidia. "Endelea."

"Joka ali..." Mzee Nukta alirudi mwanzo wa mstari. "Joka a..."

"Li," alisema Mwenyekiti. "Li, mzee. Si ndiyo hoja yetu?"

Ukutani fundi cherehani alikuwa ameziba mdomo kwa utepe wake. Mzee Nukta aliitazama ile *li*, na kwa mara ya kwanza maishani aliiona jinsi ilivyokuwa baridi. Akavua miwani.

"Mwenyekiti, kiwandani kuna alama moja ambayo msoma prufu huichukia kuliko zote. Ukiwa umekata neno, kisha ukagundua kuwa lilikuwa sawa na aliyekosea ni wewe, unaweka nukta ndogondogo chini ya neno ulilolikata, na pembeni unaandika: *iachwe*. Maana yake, kalamu yangu imekosa adabu, mwandishi alikuwa anajua anachofanya. Katika miaka thelathini na mmoja nimeiandika mara mbili. Mara zote mbili niliandika kwa herufi ndogo ili isionekane." Akainua daftari. "Leo naiandika kubwa. Maoni namba arobaini na nne yana kosa moja, na kosa hilo ni langu. Joka alimfunika. *A*. Iachwe."

Ukimya ulidumu kiasi cha mtu kubana pumzi, na kila mtu alijua kuwa ameibana.

"Sikuelewi," alisema Mwenyekiti. "Nini kiachwe?"

"Rafu iachwe. Joka aachwe."

"Joka aachwe?" mkewe alidakia kutoka nyuma, gazeti limeshuka magotini. "Aachwe tena? Baada ya kusubiri miaka mia saba? Sema abaki, bwana, usimvunjie ndoa!"

Chumba kililipuka. Fundi cherehani alicheka mpaka pini mbili zikadondoka. Mwenyekiti aligonga meza, mara hii si kwa furaha.

"Mzee Nukta! Hata mtoto wa darasa la nne anajua joka ni *li*. Sarufi ni sarufi."

"Ni kweli. Umekisoma kitabu?"

"Mimi sisomi vitu kama hivi."

"Basi tuko sawa," alisema Mzee Nukta. "Mimi nilikisoma kizima na sikukisoma."

Mwenyekiti alijiegemeza kitini, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ndugu wajumbe, ndiyo taabu ya elimu ya jioni."

Neno lile lilitua palepale kwenye kidonda, na Mzee Nukta alihisi masikio yakipata moto. Lakini mkewe alishasimama.

"Mwalimu, jioni huyu alikuwa macho. Mchana wengi walikuwa wanasinzia."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, na Mwenyekiti, kwa desturi, hakupiga. Wajumbe wawili walikuwa upande wa Mwenyekiti. Wawili, mmoja wao akiwa na alama ya Rafu ya Saba mgongoni mwa kitabu kilichochungulia mfukoni mwake, walikuwa upande wa pili. Mjumbe wa tano alikuwa mzee mmoja aliyesinzia tangu mwanzo. Alipoguswa begani aliuliza tu kama joka alikufa. Akaambiwa haijulikani, Kitabu cha Tatu kimo kwenye boksi. "Basi fungueni boksi," alisema akilinyooshea mkono, na mkutubi akauhesabu upande wa rafu.

Mwenyekiti aliamuru iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa Rafu ya Saba iachwe ilivyo. Hakusema neno tena kuhusu kiti cha ujumbe, wala Mzee Nukta hakuuliza. Walipopishana mlangoni alipewa kichwa kilichoinama kidogo, kama zamani, labda kidogo zaidi ya zamani.

Ndani, gundi ya boksi ilishachanika. Kitabu cha Tatu kilikuwa nakala moja tu, na wasomaji walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye feni. Wa kwanza, kama ilivyotarajiwa, alikuwa fundi cherehani, na hakutoka nacho nje. Alikifungulia palepale mezani.

Mzee Nukta alisogea. "Mama," alisema, kwa mara ya kwanza bila kejeli, "sitaki kujua amesema nini. Niambie tu, ile sentensi inaisha?"

Fundi alifunika ukurasa kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yanang'aa vibaya sana. "Babu, nenda kwenye mstari."

Alikwenda kwenye mstari. Alikuwa wa nane. Alipofika mezani, mkutubi alimpa kalamu, naye akaandika jina lake la Nukta, tarehe, na kitabu anachosubiri. Mkutubi aligeuza daftari la kuazima, akalitazama, akaweka kidole kwenye nafasi moja iliyokuwa tupu.

"Mzee wangu, sababu ya kuazima hujajaza," alinong'ona. "Niandike uchunguzi?"

Mzee Nukta aliitazama nafasi ile nyeupe, ambayo haikuwa na neno wala nukta.

"Iachwe," alisema, akaenda kukaa kusubiri zamu yake.